Kengele ya Kiwanda cha Shuka

Mtu akikutana naye kwa mara ya kwanza, jambo analoliona kabla ya mengine ni kwamba hafungui mlango. Si kwamba hawezi. Mikono yake ni mizima, na ukimpa chupa ambayo mfuniko umekwama ataufungua bila hata kukunja uso. Lakini akifika mbele ya mlango, hata ule uliorudishiwa tu na upepo unauchezea, husimama hatua moja nyuma, mikono ikining'inia, macho kwenye kitasa, akangoja. Hana haraka. Anaweza kungoja hapo mpaka chai ipoe.

"Mama, uko wazi," binti yake humwambia kutoka jikoni.

"Eh, nimeona," hujibu, na bado husimama.

Jirani aliyekuja kusalimia alivutiwa sana. "Mama yako ana adabu jamani! Mpaka mlango anaupigia hodi kwa macho." Binti alicheka kwa sababu jirani alicheka, kisha akageukia sufuria lake, maana yeye alikwisha kuambiwa habari za ule mlango mwingine.

Kiwandani walimwita Mama Pindo. Ndiyo kazi aliyoifanya tangu alipoingia: kupinda na kushona ncha za shuka. Wengine walikata kitambaa, wengine walipiga pasi, wengine walikunja na kufunga mabunda. Yeye alikaa safu ya katikati, chini ya taa iliyopepesa kama jicho lililoingia mchanga, akapokea shuka kutoka kulia, akazipinda, akazisukuma kushoto. Zilikuwa shuka nyeupe za hospitali za umma, zenye mstari wa kijani ukingoni. Alipofika kwenye pembe alikuwa na mtindo wake: aliikunja mshazari, akarudisha mshono nyuma kidogo, kisha akaenda mbele tena ili uzi usifumuke. Hakuna aliyemwagiza. Mkono ulizoea tu.

Ukumbi wa kushonea ulikuwa na mlango mmoja wa kutokea, mdogo, wa chuma, uliofungwa kwa ufunguo wakati wote wa kazi. Ufunguo ulikuwa kwa msimamizi, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, ambaye mlio wa funguo zake kiunoni ulimtangulia popote alipokwenda. Wafanyakazi walimwita Bwana Funguo. Alilijua jina hilo na hakulichukia.

Siku ya kuajiriwa, Bwana Funguo ndiye aliyekusanya vitambulisho vya wote. "Navitunza tu," alisema. "Bwenini kuna wezi, na kitambulisho kikipotea mtahangaika nchi nzima." Alisema kwa huruma hivi kwamba wengine walimshukuru. Vitambulisho vikaingia kwenye kabati la chuma ofisini kwake, na tangu hapo hakuna aliyeweza kukata tiketi ya basi la mbali, wala kupanga chumba, wala kuomba kazi kwingine. Simu nazo zilikaa mle mle, zikatolewa Jumapili. Walilala bweni la ghorofani ng'ambo ya ua, na geti la ua lilikuwa na mlinzi wake. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyetiwa pingu. Ungemuuliza yeyote pale kama yeye ni mtumwa angekucheka, kisha angekuuliza saa hizi ni saa ngapi, kwa kuwa ukutani hapakuwa na saa.

Kilichowashika wote lilikuwa neno moja: oda. Mtu akiomba ruhusa aliambiwa oda ikiisha. Akiumwa, apumzike oda ikiisha. Akiuliza kitambulisho, azungumze na Bwana Funguo oda ikiisha. Na oda haikuisha. Kabla ya bunda la mwisho kupakiwa, majora ya kitambaa cha oda nyingine yalikuwa yameshushwa mlangoni.

Halafu palikuwa na kengele. Ilikuwa moja tu, ya umeme, juu ya mlango, na maana yake ilikuwa moja tu: zamu imekwisha, jiandaeni kukaguliwa. Walielezwa kwamba uzi na mikasi huibwa. Basi kengele ilipolia, kila mtu alizima cherehani, akavua viatu, akageuza mifuko nje, akakishika mkononi kilichokuwamo, akainua mikono usawa wa mabega, na wote wakajipanga mstari mbele ya mlango uliofungwa. Mwanamke wa ukaguzi aliwapapasa mmoja mmoja. Akimaliza mstari mzima, ndipo ufunguo ulipozungushwa. Siku za mwanzo Mama Pindo aliona haya. Baadaye haya ikamwishia, na baada ya haya yakamwishia mengine mengi, taratibu, kama rangi inavyomwishia kitambaa kwenye maji ya kufulia. Mwili wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Upo, lakini ukiugusa hausemi kitu.

Jumapili moja alipewa simu yake, akaambiwa kwamba mdogo wake amefariki na amekwisha kuzikwa. Mdogo wake huyo ndiye aliyemlea binti yake tangu yeye alipoondoka kwenda kutafuta kazi. Walimpigia na kumpigia, simu ikawa inalia ndani ya kabati. Mama Pindo alisikiliza mpaka mwisho, akarudisha simu ofisini, akaenda kufua.

Mwenzake wa kitanda cha chini alikuwa mwanamke mmoja aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alimkuta kwenye kamba ya nguo.

"Nyumbani hawajambo?" Redio aliuliza.

"Hawajambo," Mama Pindo alisema, akaanika sketi.

Redio aliijua habari kamili wiki iliyofuata, tena kwa mtu mwingine. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza bwenini, hakusema neno mpaka walipolala.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa binti yake alipompigia, Jumapili nyingine, akiwa na sauti ya mtu aliyekuwa akiisubiri zamu yake ya kusema.

"Mama, una mjukuu njiani."

"Wa nani?"

"Wa nani tena, mama! Wangu. Wako."

Mama Pindo alitazama ukuta. Alijua hapa palikuwa mahali pa kupiga vigelegele, akavitafuta, hakuviona. "Hongera, mwanangu," alisema.

"Mama mdogo angekuwepo nisingekusumbua. Sasa sina mtu. Siku hiyo sitaki jirani, nakutaka wewe. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Usiseme tu, mama. Na wakati wa msiba ulisema utakuja arobaini."

"Nimesema nitakuja."

Alikwenda ofisini siku hiyo hiyo. Bwana Funguo alikuwa akila chungwa, akamkaribisha kiti.

"Binti yangu atajifungua," alisema. "Naomba kitambulisho changu niende. Nitarudi."

"Aisee, hongera! Mjukuu wa kwanza?"

"Wa kwanza."

"Mtoto wa baraka huyo. Oda ya hospitali ikiisha, mama yangu, mimi mwenyewe nitakusindikiza mpaka kituo cha basi."

"Itaisha lini?"

Bwana Funguo alitema mbegu kwenye kiganja. "Hospitali zinajaa kila siku. Wewe unataka wagonjwa walale kwenye godoro tupu?"

"Hapana."

"Basi."

"Asante," alisema Mama Pindo, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa neno la kutokea ofisini mle.

Redio alikuwa akimngoja ngazini. "Kakuambia oda ikiisha?"

"Eh."

"Basi mpigie mwanao, mwambie abane. Ajikaze kisabuni, abane miguu mpaka watu wote nchini wapone."

Mama Pindo aliachia pumzi fupi puani, jambo ambalo kwake wakati ule ndilo lilikuwa kicheko. Lakini tangu siku ile, kila shuka iliyopita mikononi mwake ilimkumbusha jambo moja. Msiba ulikwisha kumpita. Uzazi nao ukimpita, binti yake hatamwomba tena kitu, na yeye hatakuwa mama wa mtu isipokuwa wa pindo.

Shuka zile hazikununuliwa kiwandani moja kwa moja. Hospitali ilitangaza zabuni, kampuni moja kubwa ikashinda. Kampuni ikampa kazi wakala, wakala akampa mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda akamwachia Bwana Funguo. Kila mmoja alimjua aliyempa kazi na yule ambaye yeye alimpa, basi, na kila mmoja aliapa kwamba kwake mambo ni safi. Huenda hata hawakuwa wakidanganya. Hakuna aliyewahi kufika mwisho wa safari ya ile shuka na kutazama. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu, mpaka idara ya manunuzi ya hospitali ikapata ofisa mpya, mwanamke wa makamo aliyewahi kuwa muuguzi, aliyetandika vitanda vya wagonjwa kwa mikono yake. Alikuwa na swali ambalo liliwakera wote kwenye mikutano: anayeshona ni nani? Kampuni ikamjibu kwamba ni wakala. Wakala akamjibu kwamba ni kiwanda. "Kiwanda hakina vidole," yule ofisa alisema. "Nataka kwenda kuwaona wenye vidole."

Habari ya wageni ilipofika kiwandani, kuta zilipakwa rangi. Saa ilitundikwa. Chooni ililetwa sabuni ya harufu ya limau, na Redio aliibusu mbele ya watu, akasema anaichumbia kabla wageni hawajaondoka nayo. Bwana Funguo aliwakusanya, akawafundisha.

"Ukiulizwa, kazi unaionaje?"

"Nzuri!" waliitikia.

"Unatoka unapotaka?"

"Natoka!"

"Kitambulisho kiko wapi?"

"Ninacho mwenyewe!"

"Sasa hilo la kitambulisho," Redio alinong'ona, "si ni uongo wa mchana kweupe?"

Haukuwa uongo wa siku nzima. Asubuhi ya ugeni Bwana Funguo alifungua kabati, akagawa vitambulisho, kila mtu chake. "Jioni mnanirudishia," alisema. Mama Pindo alikishika chake kwa vidole viwili. Pichani alikuwamo mwanamke mwenye mashavu, anayeonekana kwamba alitaka kucheka mpiga picha akamkataza. Alimtazama kama mtu anayemjua kwa sura tu, akamtia mfukoni, akakaa kwenye cherehani.

Wageni waliingia na watu wa kampuni na wakala wao. Mlango wa chuma ulikuwa umeachwa wazi, umezuiwa kwa tofali ili usijifunge. Ofisa wa manunuzi alipita safu kwa safu, hakuwa na makuu. Alimuuliza huyu, akamuuliza yule. Kazi nzuri. Natoka. Ninacho mwenyewe. Majibu yalitoka sawasawa kama kwaya, na huenda huko kusawazika ndiko kulikomfanya asimame. Aliinua macho akaiona kengele.

"Hii ndiyo kengele ya moto?"

"Hiyo hiyo," Bwana Funguo alijibu, kwa kuwa ni kweli hapakuwa na nyingine.

"Wodini kwetu palishika moto juzi juzi. Magodoro mawili tu, lakini tulikanyagana vibaya sana. Tangu hapo kila nikienda mahali naomba zoezi. Naomba muipige, tuone watu wanatokaje."

Hilo halikuwamo katika mafundisho. Bwana Funguo alitazama watu wa kampuni, watu wa kampuni wakatikisa vichwa kwamba hakuna shida, ni kengele tu. Hakuna namna angeweza kukataa bila kutiliwa shaka. Akatembea mpaka ukutani, funguo zikilia kiunoni, akabonyeza.

Cherehani zikazimwa zote kwa pamoja. Watu wakasimama. Kisha ukumbi mzima ukainama kuvua viatu.

Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyeutazama mlango uliokuwa wazi. Waligeuza mifuko ya mavazi yao ikaning'inia nje kama ndimi, wakachukua kilichokuwamo, na kilichokuwamo siku hiyo kilikuwa kitambulisho. Wakainua mikono usawa wa mabega, kila mmoja na kadi yake, wakajipanga mstari, peku, mbele ya mlango wazi, wakatulia. Mwanamke wa ukaguzi, naye kwa mazoea, alikwisha kushika nafasi yake mbele ya mstari, akamnyooshea mikono mtu wa kwanza, ndipo alipokumbuka, akaificha mgongoni.

Kengele iliendelea kulia. Jua lilikuwa limeingia kwa ule mlango mpaka kwenye vidole vya miguu ya waliokuwa mbele.

"Zima," alisema ofisa. Ikazimwa. Alipita kando ya mstari polepole, akasimama karibu na Mama Pindo, pengine kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. "Mama, mnafanya nini?"

Mama Pindo alitafuta jibu lililofundishwa. Swali hilo halikuwa na jibu lake. Basi akasema kilichokuwepo.

"Tunangoja kukaguliwa."

"Mkishakaguliwa?"

"Tufunguliwe."

"Lakini mlango uko wazi."

Mama Pindo aliutazama mlango. "Eh," alisema. Mikono yake bado ilikuwa juu.

Ofisa wa manunuzi aliitazama miguu ile peku. Hakugomba na mtu. Aliwashukuru, akatoka nje, na watu wa kampuni wakatoka nyuma yake wakisemezana kwa sauti za chini. Jioni Bwana Funguo alileta beseni. Hakufoka pia. Alisema tu, "Vitambulisho," na vikaanza kudondoka ndani ya beseni kimoja baada ya kingine. Mama Pindo alikitia chake. Alikuwa nacho tangu asubuhi, alikishika mbele ya mtu wa serikali kabisa, mlango ukiwa wazi, akakitia kwenye beseni.

"Mbona umerudisha?" Redio alimuuliza bwenini.

"Na wewe umerudisha."

Redio alikaa kitandani, akaitazama miguu yake. "Jamani," alisema. "Kweli."

Zikafuata siku za mashaka. Ilisemwa kwamba hospitali itavunja oda, kiwanda kitafungwa, na kila mtu akaanza kumtupia Mama Pindo macho ya pembeni. Mwanamke mmoja wa upande wa pasi alimwambia waziwazi: "Umetukata mikono, mama. Ulishindwa nini kusema tunafanya mazoezi ya viungo?"

"Mwacheni!" Redio alidakia. "Nyote mlikuwa peku pale. Mimi mwenyewe soksi yangu ilikuwa na tundu, na mgeni aliliona. Nani aliyesema uongo hapo, mimi au tundu?"

Watu wakacheka, kidogo. Mama Pindo hakucheka wala hakuumia. Alikuwa akimfikiria binti yake, ambaye Jumapili iliyopita alimwambia kwamba miguu imevimba, kwamba muuguzi wa kliniki anasema muda wowote kuanzia mwezi ujao, na kwamba ametandika kitanda cha pili. "Nimekitandika kabisa, mama," alisema. "Usinifanye nikitandue."

Kumbe ofisa wa manunuzi alikuwa na njia mbili, na ile nyepesi ndiyo aliyoshauriwa na wengi: vunja mkataba, tafuta muuzaji mwingine, jina la hospitali libaki safi. Aliikataa. Aliporudi kiwandani alikuja na maofisa wa kazi, wakaweka meza uani, na akawaeleza wafanyakazi sababu, kwa maneno ambayo Redio huyarudia mpaka leo kwa kuigiza sauti yake.

"Nikiondoka na oda yangu, mwenye kiwanda atapata mnunuzi mwingine asiyeuliza, na ninyi mtabaki mle ndani. Kwa hiyo siondoki. Nitaendelea kununua, lakini sinunui shuka iliyoshonwa na mtu aliyefungiwa. Kampuni imeelewa, wakala ameelewa. Nitakuja, na sitatuma salamu kwanza."

Waliitwa kwa majina, majina yao ya kweli, ambayo mengine hayakuwa yamesikika pale muda mrefu hivi kwamba wenyewe walichelewa kuitika. Mama Pindo alipewa kitambulisho. Fundi akaja akang'oa kitasa cha mlango wa chuma, pakabaki tundu la duara ambamo mwanga ulipenya.

Jioni hiyo hawakupigiwa kengele. Kazi ilipokwisha, walikwenda mlangoni, wakasimama mbele ya lile tundu, wote, wakangoja. Walingoja mpaka Redio, aliyekuwa amebeba ndoo mikono yote miwili, akasema "Haya, nipisheni na makalio yangu," akausukuma mlango kwa nyonga, ukafunguka.

Kesho yake Mama Pindo alikwenda kuaga. Bwana Funguo alikuwa ameketi ofisini, kabati limeachwa wazi nyuma yake, tupu, kiuno chake kimya.

"Nakwenda kwa binti yangu," alisema.

Msimamizi alimtazama. "Lakini oda haijaisha, mama yangu."

"Asante," alisema Mama Pindo, akatoka. Alikuwa amefika kituo cha basi ndipo alipogundua kwamba amemshukuru.

Safari ilikuwa ndefu na hakuna alichokikumbuka. Binti yake alimpokea kwa kilio cha mtu mwenye tumbo kubwa, kile kinachomtikisa mwili mzima. Mama Pindo alimpapasa mgongo. Macho yake yalikuwa makavu.

"Hujafurahi, mama?"

"Nimefurahi."

"Basi uso wako haujaambiwa," binti alisema, akacheka na machozi yake. Lakini alikuwa ameumia kidogo, na mama yake aliliona hilo, na hakujua pa kuanzia. Alikaa kwenye kitanda kilichotandikwa kwa ajili yake, akakunja upya pembe ya shuka.

Zikaja asubuhi za mlangoni. Mkwe wake, kijana mwenye haya, hakuthubutu kumwambia mama mkwe wake sukuma, basi alijifanya kila mara ana shida ya kutoka nje, akaufungua mlango kabla yake, akarudi akasema amesahau kilichomtoa. Binti aliwatazama hao wawili, akashika mbavu. "Mtamzaa ninyi huyu mtoto, mimi nitakufa kwa kucheka."

Uchungu ulimshika asubuhi moja, akiwa ameshika kikombe. Walifika hospitali jua likiwa limepanda. Wodi ya uzazi ilikuwa na mlango wa mbao wa pande mbili, usio na kitasa, wa kusukuma tu, unaorudi wenyewe. Binti aliingizwa ndani, mlango ukapepea, ukatulia. Mama Pindo alibaki nje, hatua moja nyuma.

Kando ya benchi palikuwa na kitoroli cha shuka safi. Nyeupe, mstari wa kijani ukingoni. Hakuwa na nia ya kuzigusa, lakini mkono ulikwenda. Aliigeuza pembe ya shuka ya juu: imekunjwa mshazari, mshono umerudi nyuma kidogo, kisha umekwenda mbele tena. Alitazama hapo kwa muda. Hakuona fahari, hakuona hasira. Palikuwa na uzi mdogo uliochomoza, akaukata kwa meno, akairudisha pembe mahali pake.

Muuguzi alitoka, kijana, kofia imepinda. "Bibi wa mtoto ni wewe?"

"Bado hajazaliwa," Mama Pindo alisema.

"Najua, mama, natoka huko huko! Njia iko karibu kufunguka yote. Anakuita wewe tu, mpaka ametuchosha masikio. Sikiliza: akianza kusukuma nitakuita. Ukinisikia, usingoje kufunguliwa. Sukuma, uingie."

Alichukua shuka mbili za juu, akaupiga mlango kwa bega, akapotea. Mlango ulipepea. Katika ule mpepeo ilisikika sauti ya binti yake, si kilio, ni neno moja tu: mama. Halafu mlango ukatulia tena.

Kitu kilianza kumchoma chini ya mbavu, vijisindano vidogo vidogo, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudi, na kilimuuma hasa. Mama Pindo alifunga vizuri kitambaa chake cha kichwa. Alipiga ile hatua moja iliyokuwa imebaki, akaweka kiganja kwenye mbao za mlango, akasikia zikilegea kidogo chini ya mkono wake, akatega sikio.